Mjadala: Nesi asome fiziolojia yote hii ya nini wakati mashine zipo?

Wadau habari zenu, kuna hoja inazunguka kwamba manesi wanapotezewa muda kukaririshwa fiziolojia, yaani mwili unavyofanya kazi, moyo unasukumaje damu na figo inachujaje, eti kazi yao ni kupima, kuandika kwenye chati na kufuata maagizo, kufikiri wamwachie daktari. Mi napinga kabisa.

Chukua mgonjwa katoka oparesheni ya tumbo masaa machache nyuma. Presha 118/76, mashine imetulia, nesi wa kukariri anaandika "anaendelea vizuri" anahamia kitanda kingine. Sasa angalia mapigo, yalikuwa 84 yakaja 100 saizi 116, anapumua mara 24 kwa dakika wakati mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20, mikono ya baridi, ukibonyeza ukucha ukaachia rangi inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, na mfuko wa mkojo uko vilevile toka zamu ilipoanza. Huyo anaweza kuwa anavuja damu ndani kwa ndani! Presha haijashuka kwa sababu mwili umebana mishipa ya kwenye ngozi na moyo umeongeza kasi ili ubongo usikose damu, na mtu mzima anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake ndo presha ianze kuporomoka waziwazi. Ukisubiri mashine ilie umechelewa. Tena kama anatumia zile dawa za presha zinazozuia moyo kwenda mbio, hata mapigo yanaweza yasipande, sasa aliyekariri namba tu hapo atafanyaje?

Pumzi ndo kichekesho. Unafungua chati unakuta wodi nzima inapumua 20, kijana, mzee, mwenye nimonia, wote 20, walikaa kikao? Hesabu dakika nzima bila kumwambia mgonjwa, akijua anahesabiwa anabadilisha. Na kile kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni na mapigo tu, mgonjwa aliyepewa morfini (dawa kali ya maumivu inayoweza kupunguza pumzi) na kuwekewa oksijeni anaweza kusoma asilimia 98 huku anapumua mara 7 na hewa chafu inazidi kujaa kwenye damu, usingizi wake mnasema kapumzika.

Nakubali mitihani mingine ni ya kukomoa watu, kutaja mifupa 8 ya kifundo cha mkono kwa mpangilio sijui inamsaidia nani wodini. Na wanaosema nesi mmoja ana wagonjwa kibao hana muda wa kuhesabu pumzi, hiyo ni hoja ya kuongeza manesi sio ya kupunguza masomo, mwenye wagonjwa wengi ndo anatakiwa zaidi kujua aanze na nani.

Haya mnaopinga nijibuni hili: saa 9 usiku daktari kalala, nani anaamua aamshwe au aachwe mpaka asubuhi, na anaamua kwa kutumia nini?