MREJESHO: Vinyota vya mwenzangu na nukta zangu tatu

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliwauliza nifanyeje na mwenzangu wa kuigiza hadithi kwa maandishi: mimi naandika aya nzima, nafsi ya tatu, maneno ya mhusika ndani ya alama za mtajo, yeye anaweka matendo kati ya vinyota (alama hii: *), mstari mmoja, basi. Nilikuwa karibu kumwacha.

Wengi mlinishauri nimuulize badala ya kumsahihisha. Nikamuuliza. Kumbe anaandikia kwenye simu, na vinyota vinamsaidia kutenganisha haraka tendo na usemi. Halafu akanionyesha kitu ambacho sikukitegemea kabisa: nukta zangu tatu. Mhusika wangu alisema, "Sawa... ingia." Mimi nilikusudia aibu. Yeye alisoma hasira, ndiyo maana mhusika wake *anarudi nyuma, anafunga mlango*. Hadithi iliharibikia hapo, na mimi nikalaumu vinyota!

Sasa kila mtu anabaki na alama zake. Tulichokubaliana ni nafsi ya tatu kwa wote, na mabano mawili mawili, ((hivi)), kwa maneno yetu wenyewe nje ya hadithi, maana kutojua nani anasema, sisi au wahusika, nako kulikuwa kukituchanganya kweli. Nikitaka aibu, naiandika: anatazama chini, anavutavuta ukosi wa shati. Jana aliniandikia mistari sita mfululizo. Vinyota vyote vipo, na wala havikunisumbua. Asanteni sana, hasa aliyeniambia nisome kwanza maandishi yangu mwenyewe.