Re: Neno "infraction" na fomu ya N-400

Ndugu wanajumuiya, salaam. Mwaka jana niliandikiwa tiketi ya mwendo kasi hapa California nikailipa, na sasa ninajaza N-400, yaani fomu ya kuomba uraia wa Marekani. Karatasi ya mahakama imeandikwa "infraction", ambalo kamusi yangu inalieleza kuwa ni ukiukaji wa sheria. Nilipiga simu ofisini, na karani akanisomea swali lilelile lililokuwa mbele yangu, kisha akaniaga. Je, huu ni uhalifu? Kwenye swali la kuwahi kukamatwa au kuandikiwa kosa, nijibu ndiyo au hapana?

> Dada, neno lisikutishe. Asili yake ni Kilatini, lenye maana ya kuvunja, lakini katika mahakama za Marekani hutaja daraja la chini kabisa la makosa: kwa sheria ya shirikisho, 18 U.S.C. 3559, ni kosa ambalo kifungo chake hakizidi siku 5, au lisilo na kifungo kabisa. Hapo California halina kifungo, na ndiyo maana kesi yake haisikilizwi na juri.

>> Namsahihisha kaka, kwa heshima. Huku Texas tiketi hiyohiyo ni "misdemeanor", yaani kosa dogo la jinai, ya daraja C, yenye faini isiyozidi dola 500, kwa hiyo tusiseme "mahakama za Marekani" kana kwamba ni moja. Mimi niliandika "infraction" kwa kuiga fomu ya shemeji yangu aliyeko California, na siku ya usaili nilitumia muda mrefu kueleza neno kuliko kueleza kosa.

>>> Wanangu, kamusi ya dada imetafsiri kitendo, haikutafsiri daraja. Kukiuka ni kupita juu ya kitu, kama mtu anavyokiuka gogo njiani, na hata anayeiba amekiuka sheria. "Infraction" ni finyu zaidi, nayo huambatana na kanuni, iwe ya barabarani au ya shuleni. Msilichanganye na "infringement", ambalo Waingereza hupenda kulitumia pale haki ya mtu, kama hakimiliki, inapoingiliwa.

>>>> Shikamoo mzee, ila dada hakuomba darasa la lugha. Nilipojaza yangu, maelekezo yalisema hati za tiketi hazihitajiki ikiwa hukukamatwa, hakukuwa na pombe wala dawa za kulevya, na adhabu ilikuwa pointi za makosa kwenye leseni ya udereva au faini iliyo chini ya dola 500. Lakini kusamehewa hati si kusamehewa swali, jambo ambalo wengi humu hulichanganya.

Nawashukuru nyote, na mzee marahaba yako ninaisubiri kwangu pia. Faini yangu yenyewe ilikuwa ndogo, ila mahakama iliongeza tozo zake na jumla ikapita dola 500. Je, tozo nazo huhesabiwa kuwa faini? Na lile la kwanza, ni ndiyo au ni hapana?