Tupeane uzoefu: umewahi kuingia ndani ya jumba la mkoloni?

Mleta mada (Soweto, Mbeya)
Wakuu, poleni na baridi. Hapa kwetu maji ya ndoo asubuhi yanachoma kama sindano. Tupashane moto: nani amewahi kuingia ndani, namaanisha kuingia kweli siyo kupiga picha getini, kwenye jumba la enzi za mkoloni huku Nyanda za Juu? Naanza mimi, ingawa langu liko ng'ambo ya Tunduma.

Shemeji yangu anapeleka mchele Zambia. Safari moja nikamsindikiza hadi Mpika, tukirudi nikamwomba tupitie Shiwa Ng'andu. Unaacha barabara kuu kati ya Mpika na Chinsali, unakula vumbi, halafu porini huko, mbele ya miti mirefu, linatokea geti la matofali mekundu lenye mnara wa saa. Nyuma yake jumba la ghorofa, mfano wa yale ya matajiri wa Uingereza. Nilidhani njaa inanichezea macho.

Aliyelijenga ni Stewart Gore-Browne, mwanajeshi. Alifika maeneo hayo mara ya kwanza mwaka 1911 na tume ya kupima mpaka kati ya koloni la Waingereza na Kongo ya Wabelgiji, akalipenda ziwa la pale, akarudi 1920 kuanza ujenzi. Matofali na vigae vilifinyangwa na kuchomwa palepale. Vya dukani vilibebwa vichwani na wapagazi, siku nyingi njiani. Wabemba walimwita Chipembele, yaani kifaru, kwa hasira zake. Lakini mzee huyohuyo baadaye alisimama upande wa Waafrika waliodai uhuru, na alipofariki 1967 Rais Kaunda aliamuru azikwe kwa heshima za kitaifa. Mtu wa namna hiyo sijui umweke kundi gani. Ukoo wake bado uko pale, wageni wanatembezwa: sebule, picha za mababu, maktaba imejaa vitabu hadi darini.

Jina lenyewe maana yake ziwa la mamba wa kifalme. Shiwa, ziwa. Tumeachana na Wabemba juzi tu.

Angalizo: saa za Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tulifika tukijisifu tumewahi, tukakuta mlinzi bado anakunywa uji.

Mnyalu wa Gangilonga
Kamwene mkuu. Mimi si wa mbali, ni Boma la Iringa hapa mjini. Mjerumani alilijenga likawa hospitali ya jeshi, Mwingereza akalifanya ofisi, na tangu 2016 ni makumbusho. Kuta nene hatari, ndani baridi hata mwezi wa kumi na moja.

Nilipeleka wanangu, siku ya pili nikawapeleka Kalenga kuona fuvu la Mkwawa, lile lililorudishwa 1954. Njiani kurudi, mdogo akaniuliza: "Baba, mbona nyumba ya Mjerumani ni kubwa na ya chifu ni ndogo?" Nikamwambia ya chifu ilikuwa ngome ya mawe, wakaipiga mizinga 1894 wakaibomoa. Akanyamaza. Baadaye: "Kwa nini sisi hatukuibomoa ya kwao?" Nikawasha redio.

Ndaga fijo
😂😂 Mnyalu, huyo mtoto msomeshe sheria.
Mimi ni Masoko, kusini ya Tukuyu. Boma la mawe la Mjerumani pembeni ya ziwa lililojaa kwenye shimo la volkano. Wazee wanasema vita ya kwanza ilipowazidi, Wajerumani walitupa fedha na silaha majini. Mimi nilinunua sarafu kwa vijana wa pale, imeliwa na kutu, ila inasomeka DOA, kifupi cha Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1916. Ni heller, ndiyo hiyohiyo iliyotuachia neno "hela". Nilitoa hela kununua hela.

Mjukuu wa mpishi
Naomba niandike kirefu kidogo.

Babu yangu alikuwa mpishi kwa mzungu wa chai Mufindi, miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Nyumba ile siku hizi inapokea wageni. Desemba tulimpeleka, ana miaka themanini na kitu, kavaa koti lake la kanisani. Tumeshuka, kijana mwenyeji anatukaribisha ngazi za mbele, nageuka, babu hayupo. Kazunguka nyumba. Tukamkuta amesimama mlango wa uani, kofia mkononi, anasubiri.

Nikamwambia babu, tumelipa kiingilio, pita mbele. Akasema najua, lakini jikoni ni huku.

Basi ziara ikageuka. Yule kijana aliacha maelezo yake ya kukariri, akawa anamfuata babu na simu anarekodi. Hapa zilipangwa kuni, kavu na mbichi mbali. Hapa kengele, ikilia mara mbili ni maji ya moto. Stoo hii ufunguo alikaa nao memsahibu, sukari inapimwa kwa kijiko. Sebuleni, penye meko ya kuotea moto ukutani, babu alichungulia tu. Alisema chumba hicho alikuwa anakiona akiwa ameshika sinia, hakuwahi kujua kina madirisha mangapi.

Tukaletewa chai, ya vifuko. Babu akaonja, akaweka kikombe chini: "Hawa hawajui kupika chai."

Mama wa Uyole
Mjukuu, mpe shikamoo yangu mzee. Nimecheka na machozi yananitoka.

Mleta mada
Mjukuu umeniharibia safari yangu. Kule Shiwa nilitoka nimejaa majina ya mababu wa Kizungu, sikumuuliza mtu nani alichoma yale matofali. Agosti shemeji anakwenda tena. Wenye pasipoti na kadi ya homa ya manjano mseme, nafasi mbili.

Mjukuu wa mpishi
Nimemsomea babu. Anasema yeye yupo, pasipoti tutashughulikia. Ila anauliza: jikoni wanaonyesha?

Mleta mada
Hatukupelekwa. Kesho napiga simu niulize.