Vitamini A, E na zinki kwa chunusi: kuna aliyepona kweli?

Binti Kibaigwa

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na tafadhali tusitukanane, maana nyuzi za chunusi huwa zinaishia pabaya.

Nina miaka 27, naishi Dodoma, ngozi yangu ni ya mafuta. Balehe nilipita salama kabisa. Chunusi zimenifuata ukubwani, kuanzia mwaka jana, kidevuni na kwenye taya, na sasa zinashuka shingoni. Si vile vipele vidogo. Ni yale manundu yanayouma hata ukilalia shavu. Kila linalopona linaniachia doa jeusi, na kusema kweli madoa ndiyo yananinyima raha, kwa sababu chunusi inaondoka ndani ya wiki, doa linakaa miezi.

Dada mmoja kazini kaniambia nina upungufu wa vitamini. Nikaenda duka la dawa nikatoka na vidonge vya zinki, vidonge vya vitamini B mchanganyiko, na zile kapsuli laini za vitamini E ambazo natoboa kwa pini na kupaka usiku. Halafu rafiki yangu ana ndugu yake kituo cha afya, kanipatia kapsuli nyekundu za vitamini A, zile wanazokamuliwa watoto mdomoni wakati wa kampeni. Kasema nimeze moja kila siku kwa wiki mbili, kwa vile hata dawa kali ya chunusi ya hospitali imetokana na vitamini A. Hizo sijaanza, nimeona niulize kwanza.

Kuna aliyepona kwa vitamini? Zipi? Na je, nimeze zote kwa pamoja au kwa zamu?

Kaka Zege

Nakaa hapa nisubiri wajuvi. Mimi uso uko safi, shida yangu ni mgongo.

Mama Tunu

Mdogo wangu, hizo nyekundu usizimeze. Mimi ni muuguzi kliniki ya mama na mtoto, nazijua. Nyekundu moja ina yuniti 200,000, na mtoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya mitano anapewa MOJA, kisha anasubiri miezi sita hadi nyingine. Ile ya bluu ya yuniti 100,000 ni ya wa miezi sita hadi kumi na moja. Na huyo aliyezitoa kituoni ni mwizi, wala sipunguzi neno.

Una ujauzito au una mpango wa kuzaa karibuni?

Tiba Asili Bora

Dada pole sana. Chunusi ni damu chafu. Nina virutubisho vya asili vinavyosafisha damu, ini na figo ndani ya siku 14, havina kemikali. Nicheki inbox nikupe bei ya ofa.

Mfamasia Kirumba

@Tiba Asili Bora, weka hapa majina ya vilivyomo na kiasi cha kila kimoja tusome wote. Inbox ya nini?

@Binti Kibaigwa, niende taratibu kwa sababu umeuliza vizuri.

Rafiki yako kapatia nusu. Ni kweli kuna dawa kali ya chunusi inaitwa isotretinoini, Marekani waliiruhusu mwaka 1982, na ni ndugu wa vitamini A. Inanyausha tezi za mafuta, zinasinyaa, chunusi inakosa mahali pa kuanzia. Sasa watu wanajiuliza, kama ndugu yake anatibu, si tumeze vitamini yenyewe? Madaktari wa zamani walijaribu. Ngozi ilianza kusikia pale tu dozi ilipopanda mno, na dozi hizo ndizo zinazoumiza mwili. Vitamini A haitoki na mkojo kama vitamini C. Inalala kwenye ini, na ndiyo maana mtoto anaweza kupewa moja akakaa miezi. Kikomo cha mtu mzima kwa siku ni yuniti 10,000. Kapsuli yako moja ni siku ishirini za kikomo hicho, na umeambiwa umeze kila siku. Utaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, midomo kupasuka, nywele kudondoka, na ini linaweza kuharibika. Akiwa mjamzito ni balaa zaidi, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro za moyo, uso au ubongo. Ndiyo sababu ya swali la Mama Tunu.

Zinki ina mashiko kidogo. Tafiti kadhaa zimeona inapunguza chunusi zenye uvimbe, ila inazidiwa na antibiotiki za chunusi. Dozi iliyopimwa sana ni kama miligramu 30 za zinki halisi kwa siku, na kikomo cha mtu mzima ni 40. Soma kopo vizuri hapo, maana zinki salfeti ya miligramu 220 ndani yake kuna zinki halisi kama 50 tu, sehemu inayobaki ni chumvi iliyoibeba. Vile vidonge vya watoto wanaoharisha, vya kuyeyusha kwenye maji, vina 20. Meza baada ya chakula, tumboni patupu inatapisha. Ukiipitiliza kwa miezi mingi inafukuza madini ya shaba mwilini na unaweza kuishiwa damu.

Vitamini E ya kutoboa kwa pini, acha leo. Ni mafuta mazito, na uso wako tayari una mafuta. Hata kwa makovu haina sifa inayopewa: mwaka 1999 kuna utafiti mdogo wa watu waliopaka kwenye makovu ya upasuaji, haikuwasaidia, na karibu theluthi yao walipata mzio wa ngozi.

Sasa vitamini B ndiyo nina wasiwasi nayo. B12 nyingi inaweza kuleta chunusi kwa baadhi ya watu. Siyo wote, ila wapo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba bakteria wanaokaa kwenye vinyweleo hubadilisha utendaji wao mwenye ngozi anapopata B12 nyingi, wakazalisha kemikali inayochochea uvimbe. Ulianza kumeza lini, kabla au baada ya chunusi? Umewahi kuchomwa zile sindano za neva zenye B12?

Bishoo wa Likoni

Hapo kwa B12 mimi ni shahidi. Nilikuwa naenda jimu, nakunywa ule unga wa protini wa maziwa na vidonge vya vitamini B juu yake. Mwili ulikuja, na chunusi zikaja mabegani kama nimemwagiwa mchele. Nimeacha vyote viwili, zikapungua zenyewe. Sijui ni unga au ni vidonge, sikutaka kurudia kujua.

Na karanga je? Mamangu ataapa kwa Mungu kwamba ni karanga.

Mfamasia Kirumba

Karanga zinasingiziwa. Ambavyo vina ushahidi kiasi ni maziwa, hasa yaliyoondolewa mafuta, na vyakula vya kupandisha sukari haraka: soda, mandazi, mkate mweupe. Hata hivyo si kila mtu. Unga wako ulikuwa wa maziwa, kwa hiyo wote wawili ni watuhumiwa.

Binti Kibaigwa

Asanteni sana. Nimeogopa kweli, kapsuli nyekundu nazirudisha kesho.

Mama Tunu, sina mimba, nina kijiti cha uzazi wa mpango. Niliweka mwaka jana baada ya kujifungua.

Mfamasia, vitamini B nilianza baada ya chunusi, kwa hiyo sidhani kama ndiyo chanzo, ila ni kweli tangu nianze zimeongezeka mgongoni na kifuani, vidogo vidogo vinafanana. Sindano sijachoma. Na kuna kitu sikukisema: napaka pia krimu ya kutoa madoa, nilinunua duka la vipodozi, kijikopo hakina karatasi wala orodha ya vilivyomo. Nikiipaka siku chache uso unakuwa mlaini, nikiacha unalipuka.

Kipepeo wa Moshi

Krimu isiyo na jina, uso mlaini ukipaka, unalipuka ukiacha. Hiyo ni steroidi dada. Nimepita njia hiyo.

Mama Tunu

Nilijua kuna kitu. Hivyo vijikopo vya kukoroga mara nyingi vina steroidi kama betamethasoni au klobetasoli, na vingine haidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo kwenye vipodozi vimepigwa marufuku hapa nchini. Steroidi inatuliza uvimbe siku za mwanzo halafu inaleta chunusi zake yenyewe. Utakapoiacha uso utachafuka wiki kadhaa, usirudi nyuma. Kama umeipaka miezi mingi, muone daktari akusaidie kuipunguza taratibu.

Na kijiti nacho kinahusika. Homoni iliyomo inaweza kuleta chunusi kwa baadhi ya wanawake, na tunawaambia kabla ya kuweka, au tunapaswa kuwaambia. Umesema ukubwani, mwaka jana, kidevuni na kwenye taya. Hayo yote yananielekeza kwenye homoni kabla sijafikiria vitamini. Hedhi yako ikoje? Una nywele zinazoota kidevuni?

Binti Kibaigwa

Nywele hakuna. Hedhi kabla ya kijiti ilikuwa ya kawaida, sasa inakuja inavyotaka. Hakuna aliyeniambia habari za chunusi siku ile.

Mfamasia Kirumba

Basi tuna watuhumiwa watatu, kijiti, krimu na B12, na hakuna hata mmoja anayetibiwa kwa vitamini. Hii ndiyo shida ya ushauri wa "una upungufu". Chunusi ni kinyweleo kilichozibwa na seli zilizokufa, mafuta yakakwama nyuma yake, bakteria wakazaliana, mwili ukaleta uvimbe. Mwenye kusukuma mafuta ni homoni. Huwezi kukizibua kwa kumeza kitu ambacho mwili haukukosa.

Ukiniuliza ufanye nini: acha krimu, acha vitamini B na E. Zinki ukitaka endelea nayo kama miezi mitatu, ukiona hamna kitu achana nayo. Kinachofanya kazi kwa wengi ni vitu vya kupaka. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, na adapalini ya asilimia 0.1 usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Anza usiku mmoja mmoja kwa kuruka, kwani inakausha na kubabua, na ngozi nyeusi ikibabuka inaacha doa jingine. Wiki za mwanzo unaweza kuona zimezidi. Usihukumu kabla ya wiki 8 hadi 12. Hapo ndipo watu wengi wananirudia dukani wakisema dawa feki.

Kwa madoa, asidi ya azelaiki inasaidia doa na chunusi kwa pamoja na hata mjamzito anaruhusiwa, ingawa itabidi uitafute famasia kubwa. Na losheni ya kuzuia jua, jua la Dodoma linakoleza madoa kila siku. Usitumbue.

Nyongeza fupi kabla sijasahau: ukiandikiwa doksisaiklini, moja ya zile antibiotiki za chunusi, usiimeze pamoja na zinki. Zinashikana tumboni na dawa haiingii. Ziachanishe kwa saa mbili tatu. Na doksisaiklini isitumike pamoja na vitamini A ya dozi kubwa au isotretinoini, presha ya ndani ya kichwa inaweza kupanda.

Tiba Asili Bora

Hospitali zinawapa makemikali tu. Asili haina madhara.

Kipepeo wa Moshi

Bado tunasubiri orodha ya vilivyomo.

@Binti Kibaigwa, mimi nilitibiwa hospitali ya KCMC hapa Moshi, kile kituo cha mafunzo ya ngozi cha RDTC kilichoanza 1992. Wanafundisha madaktari na wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi. Huna haja ya kusafiri mpaka huku, waliosomea pale wametawanyika. Ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa wako kama kuna kliniki ya ngozi na siku yake. Nenda na kile kijikopo cha krimu, usione aibu. Mimi nilikificha, wakahangaika na uso wangu bure mwezi mzima.

Kaka Zege

Mgongo je wakuu? Nabeba zege, natoka jasho kutwa.

Mfamasia Kirumba

Benzoili peroksaidi ya kunawia. Paka mgongoni bafuni, iache dakika chache, suuza vizuri. Inachubua rangi ya nguo, kwa hiyo tumia taulo jeupe. Badilisha fulana ukitoka kazini. Kama vinawasha sana na vyote vina ukubwa mmoja, huenda ni fangasi wa vinyweleo na hiyo ni dawa tofauti. Onyesha mtu kwanza.

Binti Kibaigwa

Nimeelewa. Swali la mwisho: nikatoe kijiti wiki hii?

Mama Tunu

Usikimbilie. Nenda pale ulipowekewa, waeleze, mzungumze ni njia gani itashika nafasi yake kabla hakijatoka. Kuna vidonge vya homoni mbili ambavyo baadhi ya wanawake huwasaidia hata chunusi, ila havimfai kila mtu. Watakupima presha, watakuuliza kuhusu kipandauso na kama unavuta sigara. Unanyonyesha bado? Hilo nalo waambie, linabadilisha uchaguzi.

Halafu kuna jambo moja wasilolisema watu. Adapalini haipakwi kwenye ujauzito, na kama daktari wa ngozi ataona ufikie isotretinoini, hatakuandikia bila uhakika kwamba hushiki mimba, na uhakika huo uendelee hadi mwezi mmoja baada ya kuimaliza. Ukikitoa kijiti leo bila mbadala, unaweza kujifungia mlango wa dawa unayoihitaji. Kwa hiyo kliniki ya ngozi na kliniki ya uzazi wa mpango ziende pamoja, na kila upande ujue mwenzake anakupa nini.

Binti Kibaigwa

Bado nanyonyesha, ndiyo. Kliniki ya ngozi ya mkoa nimeambiwa wapo, nimepewa siku. Kijikopo nimekiweka kwenye mkoba tayari.