Kibodi ya gemu ya elfu kumi na nane, waranti hewa: mnatuona mazuzu?

Wadau, asalaam aleikum. Huu ni uzi wa hasira, mwenye roho nyepesi apite.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Malindi. Riziki yangu ni laptopu zilizomwagiwa chai na printa za watu wa saiba. Lakini tangu kusi lianze, meza yangu imejaa kibodi za "gemu". Si zile za mia nane, la. Ni hizi za taa za rangi zote, za elfu kumi na kitu, zinazoletwa kwa parseli kutoka Mombasa ndani ya boksi linalopendeza kuliko la simu. Ugonjwa wao ni mmoja: ukibonyeza A mara moja zinaandika mbili, au hazitoi kitu kabisa.

Kilichonipandisha mori ni kijana mmoja wa Maweni. Mchana yuko kwenye bodaboda, usiku yuko kwenye Counter-Strike 2, ile gemu ya kupigana risasi mtandaoni. Kajinyima, kajinyima, kanunua ya shilingi 18,500. Msimu haujaisha, D imekufa. Kairudisha kwa muuzaji, na muuzaji kamjibu eti waranti haihusiki kwa sababu imeingia unyevu wa bahari.

Unyevu wa bahari! Yakhe, wewe duka lako liko Pwani, wateja wako wako Pwani, ulitaka hewa ya Eldoret itoke wapi? Kama bidhaa yako haiwezi chumvi, andika juu ya boksi, halafu tuone nani atainunua kuanzia Vanga hadi Kiunga.

Nimeifungua. Sikatai, miguu ya swichi, yaani kile kidude cha chini ya kila kitufe kinachopokea mbonyezo, imeota kijani. Lakini nilichokikuta humo ndicho kilichonitoa usingizini. Swichi ni zile zile nakala za Cherry MX, swichi za kampuni ya Kijerumani ya Cherry, zilizomo kwenye kibodi ya elfu nne. Nakala si tusi, tusikosane hapo. Umbo la MX ni la miaka ya mwanzo ya 1980, hataza yake (haki ya kuzuia wengine wasiige) imeshaisha, na viwanda vya China kama Gateron na Kailh vinatengeneza swichi za umbo hilo ambazo ni nzuri tu. Hasira yangu ni kwamba kitu unachokigusa kwa kidole ni kile kile, na ile elfu kumi na nne ya juu imeingia kwenye taa, nembo, kiegemeo cha mkono, na programu inayokutaka ufungue akaunti ndipo ubadilishe rangi nyekundu iwe bluu. Kufungua akaunti! Kwa ajili ya rangi!

Na swichi zenyewe zimelehemiwa kwenye bodi. Kubadilisha moja inabidi nifungue kibodi nzima, ninyonye risasi ya kulehemia kwenye miguu miwili nikiomba njia za shaba zisibanduke. Ilhali siku hizi kuna kibodi za bei nafuu kuliko hiyo ambazo swichi inachomolewa kwa koleo dogo, unachomeka nyingine, unaendelea na maisha. Kwa mtu wa Pwani hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza dukani, na sijamsikia muuzaji hata mmoja akilitaja. Wanataja nini? Kasi.

Haya, tuizungumze hiyo kasi. Kibodi ya kawaida ya gemu inapeleka habari kwa kompyuta mara 1,000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 1. Hizi za kujitapa zinapeleka mara 8,000, yaani kila milisekunde 0.125. Kwa hiyo umelipa maelfu ili uokoe chini ya milisekunde moja. Sasa seva unayochezea, ile kompyuta kuu inayoendesha mchezo, iko wapi? Tuseme iko London. Kutoka hapa Pwani ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na waya wa baharini hauendi kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya huo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde 70, kabla hujahesabu mitambo ya njiani wala Wi-Fi ya jirani uliyopewa neno la siri. Unakufa kwenye gemu kwa sababu ya bahari, kijana wangu, si kwa sababu ya kidole.

Halafu lipo hili la kuchekesha. Julai 2024 Razer, watengenezaji wa vifaa vya gemu, walitoa kitu wanachokiita Snap Tap: ukiwa umeshika A ya kwenda kushoto ukabonyeza D ya kwenda kulia, kibodi inaiachia A yenyewe papo hapo, kwa hiyo unageuka upande wa pili bila kukosea. Agosti ya mwaka huo huo Valve, wenye gemu ya Counter-Strike, wakapiga marufuku ujanja huo kwenye seva rasmi za Counter-Strike 2, ukiutumia unatolewa mchezoni. Na bado kuna watu wanauza kibodi kwa sifa hiyo hiyo, kwa wachezaji wa gemu hiyo hiyo! Huyu kijana wangu naye alisifiwa hivyo hivyo.

Msinielewe vibaya, za mia nane nazo zina yake. Nyingi, ukibonyeza vitufe vitatu vinne kwa pamoja, kimoja kinamezwa. Wale wanaocheza PES, gemu ya mpira wa miguu, wawili wawili kwenye kibodi moja wanajua: mmoja anakimbia, mwenzake anapiga shuti, shuti haliendi, ugomvi unaanza. Lakini dawa ya hapo ni padi mbili za USB, na chenji inabaki.

Kama kuna kitu cha kulipia zaidi, kwa maoni yangu ni swichi za sumaku. Kitufe kina sumaku, bodi ina kihisi kinachopima umbali wake, hakuna chuma kinachogusana na chuma. Wooting wa Uholanzi ndio waliozivumisha kwa wachezaji. Ndani ya swichi hakuna mguso wa kuliwa na chumvi. Bodi yenyewe bado utailinda, lakini ule ugonjwa wa herufi mbili mbili chanzo chake kikubwa kimeondoka. Muuzaji mwenye akili angeziuza Lamu na Malindi kwa sababu hiyo. Wapi! Naye anakuimbia kasi.

Na karani anayechapa barua na maombi ya watu kutwa nzima, yule namwambia anunue kibodi yenye swichi kila kitufe, ya elfu tatu au nne, isiyo na taa, yenye kofia za vitufe za plastiki ya PBT maana za plastiki ya ABS zinang'aa mafuta upesi. Yule anaifaidi hela yake. Lakini yeye hakuna anayemtangazia kitu.

Sasa, wauzaji mmo humu, najua mnasoma. Jibuni matatu tu: swichi zilizo ndani ni za nani, zinachomoka au zimelehemiwa, na waranti yenu inatambua kwamba Malindi kuna bahari? Msiniandikie inboksi, jibuni hapa hapa. Na wewe uliyenunua karibuni, weka picha ya boksi na bei uliyotozwa.