Nimeuliza RST ni nini, nimejibiwa nikajifunze kwanza kutia kifungo!!

Pindo_Refu (mleta uzi):

Wadau, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira, na kitambaa kiko hapa mezani kimeshakufa.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule yule wa pateni (karatasi za kukatia nguo), anayeanza kila somo kwa "ni rahisi sana", halafu ukifungua karatasi unakuta herufi zimejipanga kama namba za magari. Humu ndani kila mtu ama ameshanunua kwake, ama ameazima kwa aliyenunua. Huyo huyo.

Nimemuuliza kwa adabu. Kwa adabu, jamani! Nimeanza na shikamoo, nikaomba radhi kwa usumbufu, ndipo nikauliza: "Hapo hatua ya nne palipoandikwa RST, maana yake ni nini?" Akanijibu mbele ya kadamnasi: "Wewe nenda kwanza kajifunze kutia kifungo."

Kifungo! Mimi!

Mimi natia vifungo tangu miguu yangu haijafika kwenye kikanyagio cha cherehani. Nalaza pini juu ya kifungo, uzi napitisha juu ya pini. Nikimaliza matundu yote naichomoa, nakivuta kifungo kidogo, nakizungushia uzi shingoni mara tatu au nne, ndipo nafunga fundo kwa nyuma. Kifungo kinapata shingo, nguo haikunjamani ukikifunga. Nguo zangu zinachakaa, zinageuka matambara ya kupigia deki, na kifungo bado kimesimama wima. Halafu mtu ananiambia kajifunze kutia kifungo. Na watu wakacheka. Nimewaona mliocheka.

Sasa iangalieni karatasi yenyewe. RS, WS, CF, CB, SA, RST. Hatua nzima ina neno moja tu la kibinadamu, nalo ni "shona". Hiyo RS nimeihangaikia usiku kucha. Kila nikitafuta naambiwa ni upande wa kulia. Nimetandika kitambaa nikitafuta kulia kwake ni wapi. Kitambaa kina kulia? Nikizunguka meza na kulia kunahama! Mpaka mdau mmoja mwenye utu (Mungu amzidishie) akanifuata pembeni baada ya kuona nilivyotukanwa, akanieleza: RS ni uso wa kitambaa, ule upande unaoonekana nguo ikivaliwa. WS ni mgongo wake, upande wa ndani. RST ni kulaza vipande viwili uso kwa uso.

Uso kwa uso! Basi! Angeandika "uso kwa uso" wino ungemwishia?

Huyo mdau ndiye aliyenifumbua macho na kwenye CF, na hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni. Karatasi ya kipande cha mbele ilikuwa ya nusu tu. Ukingoni imeandikwa CF, na kuna mshale ambao ncha zake zote mbili zimepinda kuelekea ukingo. Mimi nikakata kufuata ukingo, nikapata vipande viwili, nikajua ndivyo. Kumbe CF ni katikati ya mbele (na CB katikati ya nyuma), na mshale ule unasema ukingo huu ukae kwenye kunjo la kitambaa, usipitishe mkasi. Nimeviunga vile vipande kujaribu kuokoa. Mshono umekula sentimita 1.5 kila upande, jumla 3, sasa blauzi ina mshono katikati ya kifua kama mtu aliyefanyiwa upasuaji, na haifungi. Kitambaa nilichokitunza kabatini muda wote huo nikisubiri siku ya nafasi.

Na angenijibu swali langu wiki iliyopita, nilipouliza mara ya kwanza nikapuuzwa, nisingekuwa nimekata.

Akaongeza tena: "Kizazi hiki hakijui kitu chochote cha mikono." Tungejulia wapi? Wanaojua wameyafungia maarifa ndani ya herufi mbilimbili, funguo wamezitia mfukoni, halafu wanasimama mlangoni kutucheka sisi tuliobaki nje. Mtu anayeuliza ndiye anayetaka kujua! Asiyetaka kujua haulizi, ananunua nguo iliyoshonwa tayari na kuitupa ikikatika uzi.

Nimekwenda kunywa maji, nimerudi, nimesoma tena. Bado imeandikwa kifungo.

MkasiMkali: Naweka kiti hapa, siondoki. Huyo mimi nilimuuliza kuhusu kola, akaniambia "rudi hatua ya kwanza". Hatua ya kwanza imeandikwa "tazama hatua ya saba". Ya saba inasema "endelea kama kawaida". Kawaida ya nani?

Mtande_Mshindio: Pole dada, ila kwenye CF huna mtetezi. Mshale wa ncha zilizopinda ni kunjo, na ule ulionyooka ni wa mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), unalazwa sambamba na pindo la kiwandani la kitambaa. Hivyo vitu viwili unavijua kabla hujagusa mkasi. Mkasi hausamehi.

Pindo_Refu: Kaka, mshale nimekubali. Soma kichwa cha uzi. Nalalamikia KIFUNGO.

BandiMbili: Mimi na "kata 2". Nimekata mbili, tena kwa uangalifu. Mikono yote miwili ikawa ya kushoto! Hakuna walipoandika kwamba ukikata kitambaa kikiwa bapa, karatasi uigeuze kabla ya kukata ule wa pili. Nikaushona hivyo hivyo kwa hasira, ukingo wa bega umegeukia nyuma, nikiinua mkono koti lote linanifuata kichwani.

Pindo_Refu: Umeona? Na ukimuuliza atakwambia kajifunze kutia kifungo!

Mzee_wa_Subana: Vijana mnalia kwa kuwekewa herufi? Mwaka 1863 Ebenezer Butterick, fundi nguo wa Massachusetts, Marekani, alianza kuuza pateni za karatasi za saizi mbalimbali. Kwa miaka mingi pateni za namna hiyo hazikuwa na maandishi yoyote juu yake, matundu tu yaliyotobolewa kwenye karatasi nyembamba. Tundu hili mkunjo wa kushonwa, lile kunjo la kitambaa, wewe jijue. Na watu walishona magauni yenye mikunjo mpaka miguuni. Leo mtu amechapishiwa kila kitu na bado anakata kifua katikati.

MkasiMkali: Mzee shikamoo. Walishona kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu wa kumwuliza, na alikuwa anajibu.

Mzee_wa_Subana: Marahaba. Hilo nalikubali. Mimi nilifundishwa kupiga bandi kwa kuchomwa sindano ya mkono kila nikienda upande, lakini nilifundishwa.

BobiniTupu: Hamjaitaja SA, na hiyo ndiyo iliyonifilisi. SA ni nafasi ya mshono, sawa. Ni ngapi? Kwenye pateni nyingi za nguo utakuta sentimita 1.5. Ukienda kwa wanaounga viraka ni milimita 6. Na kuna majarida hayaweki kabisa! Unachora, unakata, hujui kwamba ulitakiwa kujiongezea mwenyewe pembeni. Suruali yangu ilipanda mpaka magotini ikagoma kama mlango uliovimba. Nilivuta mpaka nikaangukia kitandani. Karatasi nzima sikuona onyo, nimekuja kulikuta limeandikwa kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, ukurasa wa mwisho, chini ya picha ya zipu.

Mtande_Mshindio: Ndiyo maana nasema karatasi isomwe yote kwanza.

BobiniTupu: Wewe ndiye yule wa pateni? Maana mnaongea sauti moja.

Mtande_Mshindio: Siyo mimi! Na mimi aliwahi kunifokea kwa sababu nilisema kitambaa chenye manyoya kama mahameli kinatakiwa vipande vyote vielekee upande mmoja. Karatasi yake haikusema. Nguo ikitoka nusu inang'aa, nusu imefifia, nani wa kulaumiwa?

Kroshia_Moja: Nyinyi wa cherehani mna raha, angalau herufi zenu zina maana moja. Njooni kwetu kwenye kroshia. Kuna dc. Uingereza dc ni kile kitanzi kifupi. Marekani dc ni kirefu, kile kifupi wao wanakiita sc. Na kirefu cha Marekani, Uingereza wanakiita tr. Herufi zile zile, urefu tofauti! Nimefuma kofia ya mtoto mchanga kwa siku nne, imetoka naweza kufunikia ndoo. Hakuna aliyeandika juu ya karatasi kwamba hii ni ya nchi gani.

Sufi_Safi: Kroshia, ukiona sc mahali popote kwenye karatasi jua ni ya Marekani, Uingereza hawana sc. Ulitakiwa uangalie hilo kwanza.

Kroshia_Moja: Haikuwa na sc! Ilikuwa na dc na tr, na zote mbili zipo pande zote mbili! Ndiyo maana nalia!

Sufi_Safi: Hapo kweli, nimeomba radhi. Ungefuma kipande kidogo cha majaribio upime.

Kroshia_Moja: Nilifuma. Kilitoka kikubwa. Nikadhani uzi wangu mnene.

Pindo_Refu: Jamani poleni, lakini turudi kwenye uzi. Mtu mzima ameambiwa na mtu mzima mwenzake, mbele ya watu, kajifunze kutia kifungo.

Mwiko_Mrefu: Upishi ndiyo kabisa. Kijiko kikubwa cha kupimia nchi nyingi ni mililita 15, Australia ni 20. Halafu mwandishi anaweka herufi moja tu, T: kubwa ni kijiko cha chakula, ndogo ni cha chai. Uchapishaji ukipotosha herufi moja, umetia chumvi mara tatu.

BandiMbili: Mara tatu? Kutoka mililita 5 kwenda 15. Aah, kweli, mara tatu.

Mzee_wa_Subana: Mwanangu ana miaka 19, amechukua sweta yangu ya sufu akaitia kwenye maji ya moto na kuisugua. Imetoka ya mwanasesere. Nimemwuliza hukuona alama kwenye lebo? Anasema alidhani ni nembo ya kiwanda.

MkasiMkali: Mzee, na wewe ulimfundisha zile alama lini?

Mzee_wa_Subana: Nilidhani shule wanafundisha.

BobiniTupu: Shuleni? Wangu hasomi hata saa ya mishale. Nilimwambia mshale mrefu uko kwenye sita, akaniuliza saa sita ya mchana au ya usiku. Nimekaa naye jioni nzima na sahani na vijiti viwili, sasa anasoma. Ilichukua jioni moja tu.

Sufi_Safi: Alama za lebo mbona chache. Pasi yenye nukta moja ni moto mdogo. Mbili wa kati, tatu mkali. Pembetatu ni dawa ya kung'arisha. Beseni lenye mkono ni kufua kwa mkono.

Pindo_Refu: KIFUNGO jamani!

Mwiko_Mrefu: Kifungo gani tena? Kimekatika?

Kroshia_Moja: Nadhani anauliza kifungo cha kofia. Dada, kwenye kofia usitie kifungo kwa mtoto mchanga, akiking'oa anameza.

Kabati_Jipya: Samahani nimeingia sasa hivi sijasoma mwanzo. Sufi_Safi, mraba wenye duara ndani yake ni nini?

Sufi_Safi: Mashine ya kukaushia. Kama umepigwa msalaba juu yake, nguo hiyo usiitie humo kabisa.

Kabati_Jipya: Una msalaba. Imeshaingia dakika ishirini zilizopita. Naikimbilia.