Ushauri: Nyoka wangu wa panya hajala wiki ya sita, nimlishe kwa nguvu?

Mtanga_Ohio
Wakuu habari za asubuhi. Nipo Columbus, Ohio. Nafuga nyoka dume, wale weusi wa huku wanaoitwa nyoka wa panya. Hana sumu, anakaba tu. Ana miaka minne, urefu mita moja na nusu, nilimnunua kwa mfugaji akiwa mwembamba kama penseli. Kawaida anakula panya mmoja wa friza, nikishamyeyusha, kila baada ya siku kumi.

Tangu tarehe 5 Oktoba hajala. Nimempa mara tatu, anamgusa kwa ulimi, anageuka. Joto liko sawa, maji yapo, Septemba alijivua ngozi vizuri. Naishi peke yangu, hakuna wa kumsumbua. Jumamosi nataka nimlishe kwa nguvu, na jamaa wa kunishikia nimeshapata. Mwenye uzoefu anielekeze namna ya kumfungua mdomo bila kumuumiza. Usingizi sipati.

Kijana_wa_Handeni
Mkuu, mweusi, mita moja na nusu, halafu hana sumu? Huyo koboko! Mjomba wangu alikutana naye shambani akiwa juu ya mkorosho, jembe likabaki pale pale mpaka leo. Muache afe njaa.

Bi_Mjusi
Koboko mwili wake si mweusi, ni kijivu au rangi ya mzeituni; weusi uko ndani ya mdomo. Na Ohio hakuna koboko. Tumsaidie mtu.

Kaka, mimi nipo Minnesota, nafuga nyoka wa mahindi, hao ni ndugu wa huyo wako. Siku zikifupika wengi hupunguza kula hata kama ndani kuna joto. Porini muda huu wanaingia mashimoni na kwenye nyufa za miamba mpaka majira ya kuchipua. Madume hugoma tena wakati wa kutafuta majike. Nyoka mzima mwenye afya anakaa wiki nyingi bila kula na hapati shida, ilimradi uzito haushuki sana. Kwa hiyo kabla ya kumgusa mdomo: usiku upande wa baridi nyuzi ngapi? Ana uzito gani? Na baada ya mlo wa mwisho ilikuwaje?

Mama_Upendo
Mwanangu, wazazi wamekusomesha, umevuka bahari, halafu unalala nyumba moja na nyoka? Tangu Edeni tunajua alichotufanyia huyo. Tafuta mke.

Mtanga_Ohio
Mama shikamoo, nimekusikia, ila huyu sitamtupa. Dada Bi Mjusi, uzito ulikuwa gramu 780, jana 735. Joto ni la kawaida tu.

Bi_Mjusi
"La kawaida" si nyuzi. Na swali la tatu umeliruka.

Fundi_Tangi
Mimi wangu aligoma kula wiki mbili, kumbe macho yameingia ukungu anataka kujivua. Nikanunua taa mpya, ikaunguza pazia, mwenye nyumba akanifukuza. Siku hizi nafuga samaki.

Mtanga_Ohio
Haya. Tangi la kioo analokaa liko kwenye banda la gari tangu tarehe 7 Oktoba. Mama yangu alikuja kutoka Tanga tarehe 8, na hajui kama nafuga nyoka. Taa ipo, ila usiku kipimajoto kinasoma nyuzi 13 au 14. Nilimlisha panya mkubwa tarehe 5 ili ashibe kabla ya kuhama. Tarehe 9 alimtapika mzima, ana harufu mbaya sana. Nikaona tumbo tupu litamuua, baada ya siku tatu nikampa mwingine, akakataa. Ndiyo maana nasema nimlishe mwenyewe. Hata panya hai nimenunua leo, labda akimuona anatembea atamtamani.

Mzee_wa_Hoja
Wakuu hii chai. Asubuhi anaishi peke yake, jioni ana mama. Asubuhi joto liko sawa, jioni nyuzi 13. Na mama mtu akae zaidi ya mwezi asifungue mlango wa banda? Lete picha ya kipimajoto au uzi ufungwe.

Kijana_wa_Handeni
Chai ya tangawizi kabisa.

Mtanga_Ohio
Nimeweka picha tatu hapo juu: kipimajoto, mzani wa jikoni, yeye mwenyewe. Niliandika vile kwa aibu. Mama ana presha, akifungua lile banda naogopa atadondoka. Funguo natembea nayo.

Bi_Mjusi
Nimeziona, mimi namwamini. Sasa sikiliza vizuri kaka.

Nyoka anasaga chakula kwa joto la nje. Ulimshibisha, baada ya siku mbili ukampeleka kwenye baridi, panya akaozea tumboni. Wafugaji wanaowalaza wanyama wao majira ya baridi huacha kulisha wiki mbili au tatu kabla, joto likiwa bado lipo, mpaka tumbo liwe tupu. Wako hakugoma. Amejiokoa.

Kwa hiyo usimlishe kwa nguvu: koo lina vidonda vya tindikali, ukisukuma panya atatapika tena, na hapo ndipo watu wanapowapoteza. Panya hai pia usimpe, nyoka mwenye baridi anatafunwa. Mrudishe ndani leo, upande wa joto nyuzi 29 hadi 30, wa pili 23. Siku kumi na nne asiguswe, maji tu. Kisha mpe panya mdogo, nusu ya unene wa tumbo lake. Akitapika tena, au uzito ukizidi kushuka, daktari wa wanyama wa aina hiyo, na umpelekee kinyesi apime.

Mtanga_Ohio
Lakini dada, jamaa anakuja Jumamosi na nimeshamwambia…

Bi_Mjusi
Jamaa akusaidie kubeba tangi.

Mtanga_Ohio
Mrejesho. Tumelibeba usiku huu huu. Mama alikuwa sebuleni, akasimama, akaangalia muda mrefu, akauliza amekula. Nikamwambia hajala tangu alipofika yeye. Akaenda kuniletea blanketi la kufunika kioo.

Mama_Upendo
Na yule panya hai?

Mtanga_Ohio
Yupo kwenye ndoo jikoni. Mama anampa mkate.